Digna na Maji ya Alfajiri

Kule Kilema, mlimani, wasichana hawakuamshwa na jogoo. Waliamshwa na mama zao, na jogoo alipokuja kuwika aliwakuta njiani wanarudi na vibuyu vimejaa. Hivyo ndivyo alivyolelewa marehemu Digna, binti Melkior. Mama yake, Mektrida, alimvuta blanketi kukiwa bado giza, akamwambia maneno yale yale ya kila siku: "Amka, ng'ombe watakutangulia."

Maji yao yalitoka kwenye mfongo, mfereji uliochimbwa na mababu kuyatoa maji korongoni na kuyapitisha kutoka kihamba, yaani shamba la ukoo mmoja, hadi kihamba cha mwingine, chini ya migomba na mikahawa. Mchana mfongo ulikuwa wa wote. Ng'ombe walikunywa humo, wanawake walifua, watoto walichezea matope, na aliyekaa chini alipokea uchafu wa aliyekaa juu. Lakini usiku kucha maji yalipita bila kuguswa, na kulipokaribia kupambazuka yalikuwa baridi na safi hadi meno yakauma. Hayo yaliitwa maji ya kwanza. Ndiyo waliyokunywa watu, ndiyo aliyopewa mgeni. Yaliyotekwa jua likiwa limechomoza yaliitwa maji ya ng'ombe, hata kama ng'ombe hajayaonja. Mwanamke aliyechelewa mfongoni aliambiwa waziwazi kwamba anawanywesha watoto wake matope ya wenzake, na msichana aliyesemwa hivyo alikuwa na kazi ya kumpata mume.

Digna hakusemwa hivyo hata mara moja. Aliolewa mwaka uliofuata Uhuru, katika kanisa la misheni, na Kalisti, kijana mpole aliyefanya kazi ya kupakia magunia ya kahawa kwenye stesheni ya reli, Moshi. Wakapanga chumba, na baadaye wakajenga nyumba yao ndogo katika mtaa ulioitwa Chini ya Reli.

Mtaa huo ulikuwa haujapata maji. Uhuru ulikuwa mbichi bado, na watu walikuwa na nguvu za kujitolea. Wanaume walichimba mtaro kwa majembe yao wenyewe, Kalisti akiwa miongoni mwao, wakiimba na kutaniana, mabomba ya chuma yakalazwa, na siku moja koki ikafunguliwa mbele ya umati. Watu walipiga vigelegele. Digna alikinga viganja, akanywa, akafumba macho.

"Ni ya nyumbani," alimwambia mumewe. "Yametelemka mlima kama mimi."

Na kweli chemchemi za mji ule zilitoka mlimani. Mji mzima ulijisifu kwa maji yake. Wageni kutoka pwani waliyanywa wakasema hawajapata kuonja maji kama hayo. Kuyachemsha ilikuwa kama kumwosha mtoto aliyetoka kuoga.

Digna aliendelea kuamka gizani. Kalisti alimwambia bomba si mfongo, linatoa maji saa yoyote; akamjibu kwamba mikono ya watu ni ile ile. Alikuwa na mtungi wake wa maji ya kunywa, umefunikwa kwa kitambaa cheupe alichokidarizi mwenyewe, na hakuna maji yaliyoingia humo ambayo si ya kwanza. Yale ya baadaye yalikwenda kwenye pipa la kufulia.

Jirani yake wa karibu, Esther, alikuwa mtu wa Singida. Mumewe alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa upande wa chini na alikuja nyumbani mwisho wa wiki. Esther alikuwa mcheshi, na alimtania Digna mbele ya wanawake wote bombani.

"Mama Lukresia, unaamka kumwahi nani? Bomba halina ng'ombe!"

"Ng'ombe ana miguu minne, mwenzangu. Mimi nawaogopa ninyi wa miguu miwili."

Wanawake walicheka hadi ndoo zikayumba. Lakini Esther alipojifungua mtoto wake wa kwanza, aliyemwona wa kwanza mlangoni alikuwa Digna na kibuyu, maana kwao Digna, mlimani, mzazi hanyweshwi maji ya ng'ombe. Esther alikunywa, na tangu hapo naye akaanza kuamka. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Aliyechelewa alitaniwa, na aliyetania kuliko wote alikuwa Digna. Ikawa desturi ya mtaa, na watu wa makabila mengine waliifuata kama waliozaliwa nayo.

Aliitwa Mama Lukresia kwa furaha kubwa, kwa sababu alikuwa amemngoja huyo Lukresia miaka mingi. Aliomba rozari, alitoa nadhiri, aliwaona waliofunga ndoa baada yake wakibatiza. Hatimaye Mungu alimpa msichana mwenye macho makubwa, na baada yake mvulana, Gabriel. Lukresia alikua mpole kama baba yake, lakini kwa jambo moja alikuwa wa mama: alijua kuonja maji. Ukimpa ya mchana alikunja uso na kusema, "Haya ni ya ng'ombe."

Kisha ikaja miaka migumu baada ya vita. Sukari ikawa ya foleni, sabuni ikawa ya bahati, na mafuta ya taa yakawa ya kunusa tu. Watu walikuwa wameongezeka mtaani, nyumba zimebanana, na kila nyumba imechimba choo chake cha shimo pale ilipopata nafasi. Mtaro wa zamani ulikuwa umefukiwa siku nyingi, na wengi hawakujua tena bomba limepita wapi. Maji nayo yakawa ya mgawo. Jioni yalikatika, bomba likabaki tupu usiku kucha, na alfajiri, kukiwa bado giza, koki ilianza kukohoa.

Kwa Digna mgawo haukubadilisha kitu. Alikuwa wa kwanza wakati maji ni tele, akawa wa kwanza wakati maji ni haba. Aliweka ndoo chini ya koki gizani, akaisikia ikitema hewa, kisha maji yakaja kwa kishindo, na hayo ya mwanzo kabisa, ambayo mkono wa mtu haujayagusa, akayapeleka kwenye mtungi. Mara nyingine alisikia harufu. Alidhani ni kutu. Aliyaacha yatulie, akafunika kwa kitambaa cheupe, akapiga ishara ya msalaba. Taa hakuwasha, maana mafuta yalikuwa ya kubanwa, na tena ni nani aliyewahi kuwasha taa kutazama maji ya kwanza?

Lukresia aliugua mwaka ule alipokuwa darasa la saba. Ilianza kama malaria. Kichwa kilimuuma, homa ikapanda jioni na asubuhi haikushuka sawasawa. Alimeza klorokwini, akatapika, akameza tena. Homa haikujali. Aliacha kula, akawa analala ameelekea ukutani akitazama mahali pamoja, na Kalisti akambeba kwa baiskeli hadi hospitali.

Walimlaza. Muuguzi wa wodi, Sista Bernadetha, aliwaeleza kwamba ni homa ya matumbo, na kwamba dawa yake ipo, washukuru Mungu. Kisha akamuuliza Digna, "Maji ya kunywa nyumbani mnachemsha?"

"Sista, mimi maji yangu ni ya kwanza. Nateka kabla mtu hajashika koki."

"Chemsheni hata hivyo, mama."

"Sawa, Sista."

Digna hakukusudia kudanganya. Alichemsha ya Gabriel siku mbili, kwa makaa aliyokuwa akiyahesabu, na yakawa na ladha ya moshi. Lakini ya mgonjwa? Mgonjwa hupewa kilicho bora. Moyo wake ulikataa kumpelekea mtoto wake maji yaliyokufa motoni. Kila alfajiri alijaza chupa kwenye maji ya mwanzo, akaifunga kwenye kanga ili isipate joto, akaenda nayo kwa miguu hadi hospitali huku akisali rozari.

Dawa ilifanya kazi. Homa ilianza kushuka. Lukresia alifungua macho akaomba mtori, na Digna akalia kwa furaha palepale wodini. Alimwinua kichwa, akampa maji.

"Mama, ni ya kwanza?"

"Ya kwanza kabisa, mwanangu."

"Nimeyajua," alisema Lukresia, ingawa kwa ugonjwa ule ulimi wake ulikuwa umekauka na haukuweza kujua ladha ya kitu. Alisema hivyo kumfurahisha mama yake. Akanywa yote.

Siku chache baadaye maji yalichelewa. Digna alisimama bombani gizani, kukapambazuka, jua likachomoza juu ya mapaa ya mabati, na mlima ukajitokeza mweupe kileleni. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya ndoo zao wakisinzia. Koki ikakohoa. Digna akainama na chupa yake, kama kawaida.

Yaliyotoka yalikuwa ya rangi ya kahawia iliyokaribia weusi. Yalikuwa na nyuzinyuzi na utelezi, na harufu iliyopanda haikuwa ya kutu. Kila mtu mzima anaijua harufu hiyo. Yalimwagika juu ya vidole vyake, yakaingia kwenye chupa. Muda mfupi tu, kiasi cha kusali Baba Yetu, kisha yakapauka, yakawa meupe, yakawa yale maji mazuri ambayo mji ulijisifu kwayo.

"Leo yamechafuka," alisema mwanamke mmoja nyuma yake. "Wacha yatiririke kidogo."

Leo. Digna alisikia neno hilo. Mikono yake ndiyo iliyoelewa kwanza, ikaiachia chupa. Uchafu haukuwa wa leo. Kilichokuwa cha leo ni jua.

Alikimbia, yeye mama wa makamo, bila viatu, hadi hospitali. Alitaka kitu kimoja tu: kuiondoa ile chupa ya jana. Aliikuta kando ya kitanda, imebaki nusu. Lukresia alikuwa amejikunja, ameshika tumbo, jasho baridi usoni, na Sista Bernadetha alikuwa anamwita daktari.

Daktari alisema utumbo umetoboka. Alisema kwa ugonjwa ule hutokea hivyo, hata mgonjwa akionekana anapona. Hakusema lolote juu ya chupa. Walimpasua siku ile ile. Padre alifika mapema, akampaka mafuta matakatifu, na kesho yake kengele ya Malaika wa Bwana ikilia adhuhuri, Lukresia akaenda kwa Mungu aliyemtoa. Bwana ndiye ajuaye kwa nini Gabriel, aliyekunywa mtungi ule ule, alipata homa ndogo tu ikapita. Wanadamu hawajui.

Walimzika Kilema, kihambani kwa babu yake, kwenye migomba. Digna hakulia kwa sauti. Alikaa mkekani, na usiku ule Kalisti alimsikia akilitaja bomba kama mtu anayemtaja adui. Kalisti alikuwa amekwisha kufikiri. Alimwambia polepole kwamba bomba likiwa tupu usiku hunyonya kilicho ardhini palipo na ufa, na pale mtaro ulipopita sasa kuna vyoo. Alijua mtaro ulipopita. Aliuchimba yeye.

"Kwa hiyo ya mwanzo ndiyo mabaya?" Digna aliuliza.

"Mjini, ndiyo."

Asubuhi ya kuondoka, Mektrida, sasa kikongwe, alimjia binti yake na kibuyu. Alikuwa amekwenda mfongoni mwenyewe, kwa miguu yake iliyovimba.

"Kunywa, mwanangu. Nimeyawahi kabla ya ng'ombe."

Digna alishika kibuyu. Waombolezaji wote walikuwa wanatazama. Maneno yakamponyoka: "Yamechemka, mama?"

Mektrida alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto wake.

"Unaniuliza mimi? Mimi niliyekukuza kwa maji haya? Mji umekufanya bibi mkubwa, sasa maji ya mama yako ni machafu!"

Digna hakuweza kueleza. Angesema nini? Kwamba kile alichofundishwa kwa upendo ndicho alichomuulia mtoto wake? Alikwenda mpakani mwa kihamba, akakata tawi la isale, lile jani refu la mpakani na makaburini, akapiga magoti, akaliweka mapajani mwa mama yake. Mlimani aliyekosa akileta isale hahitaji kusema neno, na aliyekosewa hana ruhusa ya kukataa. Mektrida alilipokea. Akamshika kichwa, na hapo ndipo Digna alipolia.

Alipoondoka, alikata kichipukizi kingine cha isale, akakifunga kwenye kanga yake.

Alirudi mjini akiwa na jambo moja moyoni. Esther alikuwa na mtoto mchanga, wa mwisho. Alfajiri ya kwanza tu baada ya kurudi, Digna alisikia kutoka kitandani hatua za mtu akipita nje na ndoo, wa kwanza kuliko wote. Alizijua hatua hizo. Yeye ndiye aliyezifundisha kuamka.

Hakuna aliyekuwa amemshtaki. Wanawake walijua Lukresia amekufa kwa homa ya matumbo, wakamsikitikia. Angeweza kunyamaza, akaendelea kuwa Mama Lukresia aliyefiwa, mwanamke safi kuliko wote mtaani. Digna aliinuka, akachukua kile kichipukizi, akatoka.

"Mama Lukresia! Pole, dada," Esther alimwambia gizani. "Tulisema leo utapumzika. Umeona? Nimekutangulia!" Alisema kwa fahari ya mwanafunzi.

Digna alimnyoshea isale.

"Hii nini? Dawa ya mtoto?"

Nyuma yao alikuwa amefika Eunike, mzaliwa wa Marangu, na wengine kadhaa wakipanga foleni. Eunike alishika mdomo. "Isale! Esther, pokea. Anakuomba msamaha. Kwetu hilo halikataliwi."

"Msamaha wa nini? Huyu hajanikosea hata siku moja. Dada, sema."

Koki ilianza kukohoa, maji yakaingia kwenye ndoo ya Esther. Digna alikuwa ametegemea jani liseme kwa niaba yake, kama lilivyosema kule nyumbani. Hapa jani lilikuwa jani tu. Ikabidi mdomo ufanye kazi.

"Mwaga hayo maji, Esther."

"Nimwage? Na foleni yote hii?"

"Mwaga. Ndiyo niliyompa Lukresia. Hadi hospitali nilimpelekea. Niliyaona kwa jua, ni maji ya vyooni. Ya mwanzo ndiyo yenye uchafu wote, na mimi ndiye niliyewafundisha kuyakimbilia."

Eunike akapaza sauti. "Miaka yote! Ulituita wavivu. Ulisema tunawanywesha watoto maji ya ng'ombe. Wale waliolala ndio waliokunywa safi?"

"Ndiyo," alisema Digna.

"Na mwanangu wa pili, aliyeharisha mwaka juzi?"

"Sijui, Eunike. Mungu anajua."

Esther alichukua isale bila kuitazama, akaipiga teke ndoo yake ikamwagika, akakimbia nyumbani kwenda kumshika mtoto paji la uso.

Mtoto hakuwa na homa. Lakini Esther hakuja kwa Digna siku ile, wala wiki ile, na Eunike alikuwa anageuza uso barabarani. Sirili, balozi wa nyumba kumi, aliwakusanya wanaume. Kalisti akawaonyesha mahali mtaro ulipopita, wakafukua. Walikuta bomba limeoza kwenye tope ambalo hakuna aliyetaka kulitaja. Walilifunga kwa mpira na waya, wakaomba bomba jipya, wakaahidiwa. Maji yaliendelea kuwa ya mgawo.

Digna aliendelea kuamka. Hiyo ndiyo sehemu ambayo watu hawakuielewa. Kila alfajiri alikwenda bombani bila ndoo, akasimama karibu na koki, akayaacha maji ya mwanzo yatiririke chini hadi yakawa meupe, kisha akasogea awapishe wenzake. Wageni wa mtaa walimpigia kelele: "We mama, maji hayatoshi na wewe unayamwaga!" Yeye mwenyewe aliteka wa mwisho, akachemsha, kwa kuni, kwa pumba za kahawa, kwa chochote kilichowaka.

Siku moja mvua zikiwa zimeanza, aliona kitu kimesimama kwenye tope kando ya bomba, mahali maji aliyoyamwaga yalipopita. Ilikuwa isale. Ilikuwa imetoa jani jipya. Esther hakujua mtu hufanya nini na kitu kama hicho, hakuthubutu kukitupa, akakichomeka pale. Digna alimtazama Esther, aliyekuwa kwenye foleni na mtoto mgongoni. Esther akasema, "Sasa ningekiweka wapi?" Hayo tu. Lakini jioni yake alituma mtu kwa Digna kuazima moto, na tangu hapo walikuwa wakisalimiana.

Digna hakuwa tena yule wa utani. Alikwenda misa kila siku aliyoweza, na alipofika kwenye chombo cha maji ya baraka mlangoni, alichovya kidole, akakiangalia kidogo kabla ya kupiga ishara ya msalaba. Mapadre walidhani ni ibada.

Alifariki Kwaresima ya mwaka huu, kwa moyo, nyumbani kwake Chini ya Reli, Kalisti na Gabriel wakiwapo. Siku yake ya mwisho midomo ilimkauka akaomba maji. Aliyeingia nayo alikuwa Esther, na bilauri ya kioo mkononi. Digna alifungua mdomo kuuliza, lakini Esther hakumngoja.

"Yamechemka, Mama Lukresia. Nimeyachemsha mwenyewe."

Digna aliishika bilauri kwa mikono miwili, akaiinua kuelekea mwanga wa dirisha, akayatazama maji kwa muda mrefu. Kisha akanywa.